Vikoa Tunavyo, Wauzaji Hatuna

Sensa za mwaka 2022 ziliikuta Tanzania na Afrika Kusini zikikaribiana sana kwa idadi ya watu: milioni 61.7 kwetu, milioni 62 kwao. Kwenye majina ya intaneti hatukaribiani hata kidogo. Kikoa cha .za kina majina zaidi ya milioni moja na laki mbili, cha .tz kina makumi ya maelfu tu. Kenya na .ke yake inazunguka laki moja. Uholanzi, nchi ya watu milioni 18 hivi, ina majina zaidi ya milioni sita chini ya .nl. Wepesi wa kujibu watasema ni umaskini, na kipato kweli kina sehemu yake. Lakini raia wa Afrika Kusini hamzidi Mtanzania kipato mara makumi, ilhali majina yao yanayazidi yetu mara makumi. Wengine watasema Watanzania hawana mwamko, au bei iko juu, au hatuipendi bendera yetu. Msimamo wangu ni mwingine: kinachokosekana ni mfanyabiashara wa kati, yaani msajili wa ndani mwenye mtaji, mwenye mkopo, na anayeweza kukaa na mteja wake miaka kumi. Karibu kila mpango wa kusaidia sekta hii katika nchi zinazoendelea humruka yeye, ukaenda kuhangaika na vitu vinavyopendeza zaidi kwenye hotuba.

Nianze na biashara yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani jina la intaneti hutolewa na serikali kama leseni ya udereva. Kila kikoa cha juu, kiwe .com au .tz, kina masjala yake, taasisi moja inayotunza daftari kuu la majina na kuzijulisha kompyuta za dunia nzima kila jina liko wapi. Daftari la .com linatunzwa na kampuni ya Marekani, Verisign. La .ke limo mikononi mwa KENIC tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa .tz iliundwa tzNIC mwaka 2006, kwa ubia wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na chama cha watoa huduma za intaneti. Kwa kawaida masjala haimuuzii mwananchi. Inauza kwa jumla kwa wasajili, nao wasajili wanauza rejareja, ama wenyewe au kupitia mawakala, ambao mara nyingi ndio vijana wale wanaotengeneza tovuti. Mgawanyo huu uliwekwa makusudi. Hadi mwaka 1999 kampuni moja, Network Solutions, ndiyo iliyotunza daftari la .com na ndiyo iliyouza, kwa dola 35 kwa mwaka. ICANN, chombo kilichoundwa mwaka 1998 kusimamia majina haya, ilipowafungulia wauzaji wengine mlango, bei ya rejareja ikaporomoka. Tangu hapo vikoa hukua pale muuzaji wa rejareja anapokua. Yeye ndiye anayetangaza, anayemweleza mteja kwamba jina si tovuti na tovuti si barua pepe, na anayepigiwa simu saa tatu usiku barua pepe zikigoma. Masjala haiwezi kazi hiyo, wala haitakiwi kuifanya.

Sasa mtazame mtu wa Dar es Salaam au Kisumu anayetaka kuuza .com akiwa msajili kamili. ICANN humtoza dola 3,500 kwa kupokea maombi yake tu, kisha dola 4,000 kila mwaka, mbali na ada ndogo ya kila jina na mgawo wa kila robo mwaka. Atatakiwa kuonyesha kwamba anaweza kupata fedha taslimu kama dola 70,000. Kwa miaka mingi alidaiwa pia bima ya dhima ya dola 500,000, bima ambayo katika masoko mengi ya Afrika kuipata tu ilikuwa shughuli. Sharti hilo liliondolewa baada ya malalamiko mengi. Chukua ile ada ya mwaka peke yake. Msajili anayebakiza dola mbili kwa kila jina lazima auze majina 2,000 ili airudishe, kabla hajafikiria pango, umeme, mishahara na kodi. GoDaddy, msajili mkubwa wa Marekani anayesimamia majina zaidi ya milioni 80, hulipia kibali dola zilezile 4,000. Zigawe kwa majina yake na kila jina halibebi hata sehemu ya mia ya senti. Kwa maandishi ada hiyo ni sawa kwa wote. Kwa hesabu ni kodi ya udogo.

Ndiyo maana Afrika nzima ina chini ya asilimia moja ya vibali vya ICANN. Hata asilimia hiyo ina mambo yake. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya Marekani ya DropCatch, ambayo kazi yake ni kuvizia majina yaliyoachwa na wenyewe, ilichukua vibali vipya 500 kwa mkupuo mmoja. Haikuwa na haja ya maduka 500. Ilichotaka ni njia nyingi za kuifikia masjala ya .com, kwa kuwa kila kibali huja na njia zake, na mwenye njia nyingi ndiye anayewahi jina sekunde linapoachiwa. Kampuni moja ilikusanya vibali 500 vya kuvizia. Bara zima halina hata robo ya idadi hiyo vya kuuzia. Mfumo unaoruhusu hilo hauwezi kusema umezuia wadogo ili kulinda ubora.

Asiyeweza kibali anakuwa wakala wa msajili mkubwa wa Marekani, Ulaya au India, na hapo anakutana na tatizo la pili, ambalo nadhani ni kubwa kuliko la kwanza ingawa halizungumzwi sana: mzunguko wa fedha. Biashara hii hulipwa kabla. Wakala anaweka dola kwenye akaunti yake kwa msajili mkubwa, na kila jina likisajiliwa zinakatwa papo hapo. Mteja wake anamlipa kwa shilingi, mara nyingi baada ya ankara kulala mezani kwa mhasibu wiki tatu. Katikati hapo kuna soko la fedha za kigeni. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imerudi kwenye 129 hivi. Bei ya jumla ya .com wakati huo ilikuwa dola 9.59, yaani shilingi 1,534 Januari na shilingi 1,237 miezi michache baadaye. Septemba ya mwaka huohuo Verisign ikaipandisha hadi dola 10.26. Muuzaji wa Nairobi aliyetangaza bei ya mwaka mzima kwa shilingi alikuwa anacheza kamari kila siku anapofungua ofisi. Mshindani wake wa Marekani ananunua kwa dola, anauza kwa dola, na analala usingizi. Masjala zetu, kwa kuuza .tz na .ke kwa shilingi, zimefanya jambo jema ambalo hazisifiwi vya kutosha. Ila mteja anayekuja kutaka .co.tz mara nyingi anataka na .com ya jina lilelile ili asiigizwe, kwa hiyo dola haikwepeki.

Tatizo la tatu liko kwenye kuhuisha. Jina halileti faida mwaka wa kwanza. Wauzaji wakubwa huliuza mwaka huo kwa bei ya kutupa, wakati mwingine chini ya bei ya jumla, wakijua kadi ya benki ya mteja itakatwa yenyewe mwaka wa pili, wa tatu, na wa kumi. Biashara nzima imesimama juu ya kadi hiyo. Sisi tunalipa kwa simu, na malipo ya simu yalijengwa yakimtaka mlipaji abonyeze mwenyewe na kuweka namba ya siri. Asipobonyeza, jina linakufa. Kwa hiyo msajili wa hapa huajiri mtu wa kupiga simu za kukumbusha, gharama ambayo mkubwa hana. M-Pesa Ratiba, iliyoletwa na Safaricom mwaka 2024 ili mtu apange malipo yajirudie yenyewe, huenda ikaisaidia sekta hii kuliko makongamano mengi.

Inafaa kuisogelea rekodi moja ya usajili, ya namna inayopatikana kila mahali. Duka la vipuri vya magari Kariakoo lina jina la .com. Kwenye sehemu ya mmiliki limeandikwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti. Barua pepe ni Gmail ya fundi. Namba ya simu ilishabadilika tangu laini ya zamani ipotee. Tahadhari ya mwezi mmoja kabla jina halijaisha, na ile ya wiki moja, ambazo ICANN huwalazimisha wasajili kuzituma, zote zinaingia kwenye Gmail ambayo fundi haifungui tena kwa sababu siku hizi anafanya kazi ya kamera za ulinzi. Jina linaisha. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45. Kisha zinakuja siku 30 za ukombozi, ambapo masjala inamtoza msajili dola 40 kulirudisha na mteja anatozwa maradufu au zaidi, kama atajulikana alipo. Kisha siku tano za kungoja kufutwa, na baada yake wale wenye vibali 500. Mwenye duka anagundua siku oda za kutoka Lubumbashi zinapoacha kuingia. Akienda kulalamika anaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba jina halikuwa lake. Hitimisho analotoka nalo ni kwamba mambo ya tovuti ni utapeli, na Kariakoo habari ya namna hiyo haimalizi siku moja kuenea.

Dawa zisizotibu

Dawa inayotajwa haraka kuliko zote ni kugawa majina bure. Imeshajaribiwa, tena kwa kiwango kikubwa. Kampuni ya Uholanzi, Freenom, ilipewa kuendesha .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta, ikawa inayatoa majina bila malipo. Tokelau, visiwa vyenye watu wasiozidi elfu mbili, ikawa kwa muda na kikoa kikubwa kuliko karibu vyote vya nchi duniani. Waliomiminika walikuwa matapeli wa mtandaoni, kwa sababu jina la bure ni jina la kutumia na kutupa. Meta iliishtaki kampuni hiyo, usajili mpya ukasimama mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2024 Freenom ikatangaza kuacha biashara ya vikoa. Gabon iliichukua .ga yake katikati ya 2023 na kutangaza kwamba mamilioni ya majina yatafutwa. Mali ikafuata Julai na .ml yake, ile ambayo kwa miaka ilikuwa ikipokea barua pepe za jeshi la Marekani zilizokosewa herufi moja kutoka .mil. Kinachonigusa zaidi katika kisa hiki ni wale wasiotajwa: Mgaboni mwaminifu ambaye barua pepe zake zilitupwa na vichujio vya dunia nzima kwa sababu ya majirani zake kwenye .ga, na msajili wa Libreville ambaye hakuzaliwa kabisa, kwani nani angefungua duka la kuuza kitu kinachogawiwa bure? Gabon ilikuwa na mamilioni ya majina na haikuwa na sekta.

Dawa ya pili ni vikoa vipya vya juu. Mwaka 2012 ICANN ilipofungua dirisha yalikuja maombi 1,930 kutoka duniani kote, na ya Afrika yalikuwa 17. Ada ilikuwa dola 185,000. Mpango wa kuwasaidia waombaji wasio na uwezo uliwavutia watatu tu, akafaulu mmoja. Kikoa cha .africa chenyewe kilikwama miaka mitano katika mvutano wa taasisi mbili, DotConnectAfrica na masjala ya Afrika Kusini, hadi kikafunguliwa kwa umma Julai 2017. Nalipenda jina la .africa. Lakini kwa kuwa ni kikoa cha kimataifa, ni lazima liuzwe kupitia msajili mwenye kibali cha ICANN, na hapo tunarudi kwenye duka lisilokuwepo. Kwa duru mpya, iliyopangiwa Aprili 2026, ada ni dola 227,000, na wanaostahili kusaidiwa wanapunguziwa asilimia 75 hadi 85. Punguzo ni kubwa na nia naiamini. Hata hivyo anayepata punguzo la juu kabisa atalipa dola 34,000 na ushee ili aanze kutafuta wateja wa jina ambalo hakuna anayelijua, ilhali ada kamili ya ombi moja ingewalipia kibali cha mwaka mzima wasajili 56.

Ya tatu ni kulazimisha kwa sheria. Desemba 2016 mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, Maxence Melo, alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam, miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha .tz. Sitaki hapa kuijadili kesi. Naangalia ujumbe ilioupeleka sokoni. Mfanyabiashara aliyekuwa akifikiria kuhamia .tz aliona kwamba jina hilo ni kamba iliyoshikwa na serikali upande wa pili. Miaka miwili baadaye kanuni za maudhui ya mtandaoni zikadai wenye blogu walipe ada ya leseni ya shilingi milioni moja pamoja na ada ya maombi, na wengine wakafunga kurasa zao. Msajili wa rejareja ndiye aliyepoteza, bila kuulizwa. Kikoa cha nchi huuzwa kwa imani kwamba hakitazimwa bila amri ya mahakama na bila sababu iliyo wazi, na imani hiyo ikipotea hakuna kampeni ya kununua vya nyumbani itakayoirudisha.

Wapo pia wanaotamani tuwe kama Anguilla, kisiwa kidogo kilichoingiza kama dola milioni 32 mwaka 2023 kwa sababu herufi zake, .ai, ndizo kifupi cha akili mnemba kwa Kiingereza. Hiyo ni bahati ya herufi. Haifundishiki.

Pingamizi lenye uzito kweli ni la wale wanaouliza kikoa cha nini wakati Tanzania nzima inauza kwenye Instagram na WhatsApp. Nalikubali nusu. Simtakii mama lishe kikoa. Wateja wake wako kwenye simu yake, na shilingi anayoiweka kwenye jina la mtandao angeiweka kwenye mkaa. Lakini zipo kampuni zinazotoa ankara, zinazoomba zabuni, zinazouza korosho au utalii nje ya nchi, na kwa hizo ukurasa wa Instagram ni kibanda kwenye kiwanja cha mtu. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa saa sita hivi. Chanzo kilikuwa hitilafu ya mitambo yao wenyewe iliyozifanya seva za majina yao zisifikike, yaani hata kampuni ile kubwa ilianguka kwenye suala la vikoa. Wafanyabiashara waliokuwa na tovuti na barua pepe zao waliendelea kupokea oda siku hiyo. Tena akaunti ya mtandao wa kijamii ikifungwa kimakosa, mwenye nayo anaandika kwenye fomu na kungoja. Jina la kikoa lina mmiliki, lina daftari, lina utaratibu wa rufaa, na linaweza kuhamishwa kwa msajili mwingine. Hiyo ni mali, na benki yenye akili ingeweza siku moja kuikubali kama dhamana.

Halafu, tukirudi kwenye dawa, kuna mafunzo. Mwaka 2014 ICANN iliomba maoni ya umma juu ya namna ya kuinua sekta ya majina katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na katika kipindi hichohicho ilishirikiana na mamlaka ya mawasiliano ya Misri kuanzisha kituo cha ujasiriamali wa vikoa Cairo. Mafunzo ni mazuri na siyabezi. Ila mhitimu anarudi Mwanza akiwa anajua itifaki zote, na bado hana dola za kuweka kwenye akaunti.

Pa kuanzia

Kama kweli tunataka kusaidia, tuanze na mkopo. Masjala zetu zinaweza kuacha kudai malipo ya papo hapo na kumpa msajili mwenye rekodi nzuri siku 30 au 60 za kulipa, kwa dhamana ya benki au ya wasajili wenzake. Jina lisilolipiwa linaweza kusimamishwa kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo hasara ni ndogo kuliko ya muuza soda anayekopesha kreti. Watakaosema masjala si benki wana hoja, ila wanasahau kwamba jina halina gharama ya ghala. Gharama kubwa ya masjala ni mitambo na watu, nayo ipo liuzwe lisiuzwe.

Kwa .com na vikoa vingine vya kimataifa, dawa ni ushirika. Wasajili ishirini wadogo wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kumiliki kwa hisa kampuni moja yenye kibali kimoja cha ICANN na mfumo mmoja wa kompyuta, kila mmoja akauza kwa jina lake mwenyewe. Kampuni hiyo ndiyo inunue dola kwa pamoja na kuwauzia wanachama kwa shilingi, bei ikipangwa kila robo mwaka. Wenye mashaka watakumbusha jinsi vyama vyetu vya ushirika vya pamba na kahawa vilivyoishia. Ni ukumbusho wa haki. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mzigo wa kuoza wala mizani ya kuchezewa. Kila muamala umo kwenye daftari la masjala na mwanachama anaweza kuukagua dakika hiyohiyo. Na ICANN kwa upande wake ipange ada ya mwaka kwa kufuata idadi ya majina anayosimamia msajili. Tayari ina ada ya kila jina. Kuuhamishia huko mzigo wa zile dola 4,000 kwa wenye majina chini ya elfu tano, tuseme, kungewapunguzia wakubwa faida kwa kiasi ambacho wahasibu wao wasingekiona.

Suala la umiliki linahitaji ukali. Jina la mmiliki kwenye rekodi liwe la mlipaji, na namba ya simu ya mmiliki ithibitishwe kwa ujumbe kabla jina halijaanza kufanya kazi. Msajili au fundi anayejiandikisha jina la mteja wake atozwe faini, na akirudia anyimwe kuuza. Mteja akiomba msimbo wa kuhama apewe ndani ya siku tano, kama ICANN inavyodai kwa vikoa vyake, hata kama anadaiwa pesa za usanifu wa tovuti, kwa kuwa deni la usanifu ni kesi nyingine. Mahali pazuri pa kuingiza nidhamu hii ni usajili wa kampuni. BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, inasajili majina ya biashara mtandaoni. Palepale mwombaji aonyeshwe kama jina lake lipo wazi chini ya .co.tz, apewe orodha ya wasajili achague, na alipie kwa namba ileile ya kumbukumbu ya malipo. Lisitolewe bure, hata kwa mwaka mmoja. Anayelipa hata kidogo hulitumia. Wa bure hulisahau, na takwimu zikapanda juu ya majina matupu.

Kumbuka pia kwamba msajili haishi kwa majina. Anaishi kwa kuhifadhi tovuti na kuuza barua pepe, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huenda kwenye seva za Ulaya na Marekani. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti nyingi za hapa hazikufunguka ingawa mwenye tovuti na msomaji wake walikuwa mji mmoja. Vituo vya kubadilishana trafiki ya ndani tunavyo. Cha Nairobi kilianza mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti, kikarudi 2002. Kituo hicho hakina faida kwa tovuti iliyolala Frankfurt. Unafuu wa kodi kwenye seva na umeme wa vituo vya data ungempa msajili wa ndani kitu cha kuuza ambacho mkubwa wa nje hawezi kukitoa: tovuti inayofunguka siku waya umekatika.

Mwisho ni motisha. Masjala hupenda kutoa punguzo kwa jina jipya, kwa sababu jina jipya huongeza idadi ya kutangaza. Fedha hiyo ihamishiwe kwenye mwaka wa pili: msajili arudishiwe sehemu ya bei ya jumla kila mteja wake anapohuisha kwa mara ya kwanza. Atakuwa na sababu ya kuandika namba sahihi ya simu, ya kumpigia mteja kabla jina halijaisha, na ya kumkatalia fundi anayetaka kuandikisha majina thelathini kwa Gmail moja. Utekelezaji hauhitaji sheria mpya wala mfadhili. Masjala za .tz na .ke zianze kwa kutangaza kila robo mwaka, kwa kila msajili, ni majina mangapi yaliingia mwaka wa kwanza na mangapi yamehuishwa kuingia wa pili. Takwimu hizo tayari zimo kwenye mifumo yao.